Joseph Lister na Uzi Unaoliwa na Mwili

Kila mwaka jarida la chama chetu huwa na maisha ya mtu mashuhuri, na mara nyingi mtu huyo huwa mwanasiasa, mshairi au shujaa wa vita. Safari hii zamu imeniangukia mimi, nami nimeamua kuwaletea daktari. Najua wapo watakaoguna. Hata hivyo nawasihi mvumilie, kwani kama umewahi kushonwa hospitalini, au kama mamako alipasuliwa ili uzaliwe, basi kazi ya mtu huyu imekugusa, ijapokuwa mwenyewe alifariki mwaka wa 1912.

Jina lake ni Joseph Lister. Vitabu vingi humtaja kwa ajili ya dawa ya kuua viini, vikaishia hapo. Mimi nataka kumtaja zaidi kwa ajili ya uzi. Jambo hili lilinishika nilipopasuliwa kidole tumbo nikiwa Kidato cha Pili. Muuguzi aliniambia nirudi baada ya wiki moja nitolewe nyuzi za juu. Nikamwuliza, na zile za ndani je, atazitoa nani? Akacheka, akasema zile hazitolewi, zitaliwa na mwili wenyewe. Ebo! Nilienda nyumbani nimejishika tumbo, nikijiuliza mwili wa binadamu unakulaje uzi, na ni nani aliyethubutu kwanza kuuacha humo ndani.

Lister alizaliwa tarehe 5 Aprili 1827 huko Upton, mashariki ya London. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo, lakini moyo wake wote ulikuwa kwenye hadubini. Alizirekebisha lenzi zake hata picha ikaacha kuzungukwa na ukungu wa rangi, na kwa kazi hiyo akaingizwa mwaka wa 1832 katika chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza, bila ya kuwa na shahada yoyote. Mtoto basi alikulia katika nyumba ambamo kuchungulia vitu vidogo kulikuwa jambo la kila siku, kama vile kwetu kuchunga mbuzi au kucheza bano.

Jamii yao ilikuwa ya Kanisa la Marafiki, yaani Wakweka. Wenzetu wa Magharibi wanalijua vizuri, maana wamishenari wake walifika Kaimosi mwaka wa 1902. Siku zile vyuo vya Oxford na Cambridge havikuwapa shahada watu wasiofuata Kanisa la Uingereza, kwa hiyo kijana akapelekwa chuo kikuu cha London ambacho hakikuuliza mtu dini yake. Huko aliugua ndui, kisha akashikwa na huzuni nzito iliyomlazimu kuacha masomo kwa muda. Alirudi, akahitimu udaktari mwaka wa 1852.

Kabla ya hapo, mwezi wa Desemba 1846, chuoni humo palifanywa upasuaji wa kwanza wa watu wote kuona huko London ambapo mgonjwa alilazwa usingizi kwa hewa ya etha. Inasemekana Lister alikuwamo miongoni mwa watazamaji. Mgonjwa alikatwa mguu bila ya kupiga ukelele. Ungedhani tangu siku hiyo mambo yalikuwa mazuri, sivyo? La hasha! Maadamu mgonjwa alikuwa hapigi kelele tena, madaktari walipasua zaidi, na waliopasuliwa wakazidi kufa. Hawakufa kwa kisu, walifia kitandani siku kadhaa baadaye, jeraha limevimba, limetoa usaha, limenuka, homa imepanda. Daktari alivaa koti kuukuu lililokauka damu, wala hakuona aibu. Sifongo moja ilipanguza kidonda cha huyu ikapanguza na cha yule. Waliamini kwamba ubaya wote umo katika hewa chafu ya wodi, na hewa nani ataifunga kamba?

Mwaka wa 1853 Lister alikwenda Edinburgh, Scotland, kumtazama mpasuaji hodari aliyeitwa James Syme. Alinuia kukaa mwezi mmoja hivi. Kumbe bwana Syme alikuwa na binti, Agnes! Mwezi ukawa miaka. Walioana mwaka wa 1856, na kwa kuwa Agnes hakuwa Mkweka, Lister aliliacha kanisa la wazazi wake. Fungate yao waliimalizia katika kuzuru hospitali za Ulaya, jambo ambalo sidhani wengi wa wasichana wa shule hii wangelikubali. Lakini Agnes hakuwa mke wa kukaa jikoni tu. Alishiriki majaribio, na usiku aliandika kwa mkono wake yale aliyosomewa na mumewe, saa baada ya saa. Hawakujaliwa mtoto.

Mwaka wa 1860 Lister alipewa uprofesa wa upasuaji huko Glasgow, na mwaka uliofuata akapewa wodi katika hospitali kuu ya mji huo. Hebu tazama hesabu yake mwenyewe. Kati ya mwaka wa 1864 na 1866 aliwakata viungo watu 35, na 16 kati yao walikufa. Karibu nusu! Na huyu ndiye aliyekuwa mwangalifu.

Mwalimu mwenzake wa kemia, Thomas Anderson, ndiye aliyemwelekeza kwenye maandishi ya Louis Pasteur wa Ufaransa, yaliyoonyesha kwamba vitu huoza kwa sababu ya viumbe hai vidogo mno, wala si kwa sababu ya hewa yenyewe. Lister akaona nuru. Kama ni viumbe, basi wanaweza kuuawa kabla ya kuingia mwilini. Alikuwa amesikia kwamba mji wa Carlisle ulitia asidi ya kaboliki katika maji yake machafu ili kuondoa uvundo. Akaichukua dawa hiyo hiyo ya mitaro akaipeleka kwenye jeraha la binadamu.

Tarehe 12 Agosti 1865 aliletewa mvulana wa miaka 11, James Greenlees, aliyekanyagwa na gurudumu la mkokoteni. Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika na ngozi imetoboka. Kidonda cha namna hiyo siku zile dawa yake ilikuwa msumeno. Lister alikifunika kwa kitambaa kilicholoweshwa asidi, akaufunga mguu kwenye vibao, akangoja. Siku nne zikapita, hakuna usaha. Baada ya wiki sita hivi mtoto alikuwa mzima, na miguu yake miwili. Mwaka wa 1867 Lister aliyatangaza hayo katika jarida la madaktari, na katika mwaka huo huo dada yake Isabella akamjia na saratani ya matiti ambayo wapasuaji wengine waliogopa kuigusa. Alimpasua yeye mwenyewe, nyumbani kwake. Jeraha likapona bila ya kuoza. Saratani ilirudi baadaye, lakini Isabella alipata miaka mitatu hivi ya kuishi.

Hapo ndipo vitabu vinapofunga habari. Kwangu mimi ndipo utamu unapoanza.

Yafaa ujue, msomaji, kwamba adui mkubwa wa mpasuaji ni damu. Mshipa mkubwa ukikatwa ni lazima ufungwe, la sivyo mgonjwa anakwisha pale pale mezani. Madaktari waliufunga kwa uzi wa hariri au wa kitani, na waliacha ncha ya uzi huo ikining'inia nje ya jeraha. Kwa nini? Kwa sababu walijua uzi utaleta usaha. Usaha ungeulainisha mshipa, fundo likaachia, na baada ya siku nyingi daktari akauvuta uzi nje. Mgonjwa aliyepita hapo salama alishukuru Mungu. Lakini mara nyingi ukuta wa mshipa nao ulikuwa umeoza pamoja na uzi, na damu ikabubujika ghafla, pengine usiku wa manane, baada ya ndugu kuambiwa kwamba mgonjwa anaendelea vyema. Yaani kile kilichomwokoa mtu siku ya kwanza ndicho kilichomuua wiki ya pili.

Lister alijiuliza swali ambalo mimi naliona kubwa kuliko lile la asidi. Je, kosa ni la uzi, au ni la viini vilivyopanda juu ya uzi? Kama ni viini, basi uzi ulioloweshwa dawa unaweza kukatwa mfupi, ukaachwa ndani, na jeraha likafungwa lote. Mwezi wa Desemba 1867 alimfunga farasi mshipa wa shingo kwa hariri iliyotiwa asidi. Wiki kadhaa baadaye pale palipofungwa hapakuwa na usaha. Mwezi uliofuata akathubutu kwa mgonjwa, mwanamke mwenye uvimbe wa mshipa wa paja. Jeraha lilifunga vizuri. Miezi kumi hivi baadaye mwanamke huyo alifariki kwa sababu ya mshipa mwingine uliopasuka, na Lister akapata nafasi ya kutazama kazi yake. Hariri ilikuwapo bado, na pembeni yake palikuwa na dalili za kitu mithili ya usaha.

Mwingine angesema si haba, miezi kumi ni mingi. Yeye hakuridhika. Hariri haikuoza, lakini haikukubaliwa pia, ilikaa mle mwilini kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Ndipo alipoanza kufikiria uzi uliotokana na mwili wenyewe, yaani mwili wa mnyama. Uzi kama huo ulikuwa ukiuzwa madukani, kwa wapiga fidla. Jina lake la Kiingereza linataja utumbo wa paka, lakini paka hana hatia. Ulitengenezwa kwa utumbo wa kondoo, ukakwanguliwa hadi ukabaki ule utando wa katikati, kisha ukasokotwa na kukaushwa.

Sikukuu ya Krismasi ya mwaka wa 1868 Lister alirudi Upton kwa baba yake mzee. Wengine walikuwa wakila bata na keki, naye akatafuta ndama. Akisaidiwa na mpwa wake, alimlaza usingizi, akaufunga mshipa wa shingo mahali pawili kwa nyuzi mbili za utumbo zilizolowa dawa, akazikata fupi, akalifunga jeraha. Ndama akapona, akala nyasi zake. Baada ya siku 30 alichinjwa, na ile sehemu ya shingo ikapelekwa Glasgow.

Lister alipoifungua alivunjika moyo. Nyuzi zilionekana zipo vile vile, zimeuzunguka mshipa kama pete. Basi huu nao ni mgeni kama hariri! Lakini alipozikata na kuzitazama kwa makini, aligundua kwamba hazikuwa nyuzi tena. Pale uzi ulipokuwa, palikuwa na nyama hai, changa, iliyoshikamana na mshipa na kuutia nguvu. Mshipa haukudhoofika palipofungwa, ulikuwa umekuwa imara zaidi. Mwezi wa Aprili 1869 aliyachapisha hayo, na baba yake aliwahi kuyaona kabla ya kufariki mwezi wa Oktoba mwaka huo huo.

Sasa tuulize, kulitokea nini? Jibu tunalo siku hizi, nalo ni neno moja, kolajeni. Neno lenyewe asili yake ni la Kiyunani, lenye maana ya gundi. Ukitaka kuiona, chemsha miguu ya ng'ombe kwa saa nyingi, kisha iache supu ipoe usiku kucha. Asubuhi sufuria ikitikiswa supu inatetemeka. Ile ni kolajeni iliyofumuliwa kwa moto. Katika mwili ni protini ya nyuzi tatu zilizosokotana mithili ya kamba ya katani, na ndiyo inayoshikilia ngozi, mishipa na mifupa. Karibu theluthi ya protini yote mwilini ni hiyo. Jeraha linapopona, seli fulani huhamia pale na kuanza kuifuma kolajeni upya, kwanza shaghalabaghala, kisha kwa mpangilio, kwa miezi mingi. Kovu ndiyo kazi yao. Hata hivyo fundi huyu hafikii yule wa kwanza, maana ngozi iliyopona haifikii tena nguvu zake za zamani, huishia kwenye kadiri ya asilimia 80. Na bila ya vitamini C hafanyi kazi kabisa. Ndiyo sababu mabaharia wa kale waliokosa matunda walifumuka hata makovu yao ya zamani. Tusidharau machungwa tunayopewa siku za Jumapili.

Uzi wa utumbo wa kondoo karibu wote ni kolajeni. Mwili unauona kama kipande cha nyama yake, unautafuna polepole kwa vimeng'enya, na wakati huo huo unaweka kolajeni yake mahali pake. Hapa Lister hakupata yote, maana alidhani uzi wenyewe ndio uliogeuka ukawa hai. Lakini hadubini za siku zake zisingemwonyesha zaidi ya hapo.

Haki pia itendeke kwa waliomtangulia. Al-Zahrawi, tabibu Mwarabu wa Kordoba aliyefariki yapata mwaka wa 1013, anasifiwa kwa kushona ndani ya mwili kwa nyuzi za utumbo. Mmarekani Philip Syng Physick alijaribu vipande vya ngozi mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini bila ya kuua viini, uzi mzuri haukuwafikisha mbali. Lister ndiye aliyeyaunganisha mambo hayo mawili.

Wala asije mtu akadhani alishangiliwa. Wengi walimcheka kwa viumbe vyake visivyoonekana. Uzi wenyewe ulimsumbua miaka na miaka. Mara ulilainika mno na mafundo yakafyatuka, mara uliyeyuka kabla ya jeraha kushika. Aliuloweka kwa miezi katika mafuta ya zeituni yenye asidi. Mwishowe, mwaka wa 1881, aliwaeleza madaktari wa London njia ya kuutia asidi ya kromiki. Tazama busara hii. Kromiamu ndiyo inayotumiwa na viwanda vya ngozi kuifanya ngozi isioze, na ngozi nayo ni kolajeni. Uzi wa utumbo mtupu hupoteza nguvu zake kwa siku 7 hadi 10, lakini ule wa kromiki hushika kwa wiki mbili au tatu, muda ambao jeraha linauhitaji. Nyumbani kwake, nasoma, alikuwa akizipima nyuzi kwa kuzivuta na kuzifunga mafundo, moja baada ya nyingine, mtu ambaye tayari alikuwa daktari wa Malkia.

Naam, Malkia Victoria. Mwaka wa 1871 alimpasua jipu la kwapani huko Balmoral, na mashine yake ya kunyunyizia asidi hewani ikammwagia mwenye enzi dawa usoni. Malkia alilalamika, lakini akapona. Mwaka wa 1875 akamwandikia Lister kupitia kwa katibu wake, akimtaka apinge hadharani majaribio kwa wanyama hai. Lister alikataa. Nadhani alimkumbuka ndama wa Upton. Wapo katika darasa letu wanaoona haifai kumtesa mnyama kwa faida ya mtu, na nawaheshimu. Lakini mimi niliyeshonwa nasema kweli, ningeshindwa kumhukumu.

Lawama ninayompa ni nyingine. Alipinga wanawake kusomea udaktari pamoja na wanaume. Mtu ambaye daftari zake ziliandikwa na mwanamke, akamsaidia na majaribio, hakuona kwamba mwanamke anaweza kushika kisu! Hili nimeshindwa kulielewa, na dada zetu wa klabu ya sayansi wameniomba nisiliache.

Wapenzi wa fasihi nao watafurahi kujua kwamba mshairi W. E. Henley, aliyekuwa amekatwa mguu mmoja, alikwenda Edinburgh mwaka wa 1873 wakati madaktari walipotaka kuukata na wa pili. Alikaa chini ya mikono ya Lister karibu miaka miwili, akatoka na mguu wake.

Mwaka wa 1877 Lister alihamia London, ambako aliwakuta madaktari wagumu zaidi kusadiki. Kufikia hapo lakini hesabu zilikuwa zimesema. Kule Glasgow, kati ya mwaka wa 1867 na 1870, aliwakata viungo watu 40, wakafa 6. Mashine ya kunyunyizia aliitupa mwenyewe mwaka wa 1890, alipoona kwamba hatari haiko hewani bali mikononi na kwenye vyombo. Ile dawa ya kusukutua inayoitwa Listerine ilipewa jina lake huko Marekani mwaka wa 1879, lakini hakuitengeneza yeye.

Uzi wake ulidumu kuliko asidi yake. Tangu miaka ya 1970 umepata washindani, nyuzi za kiwandani ambazo maji ya mwili huziyeyusha, na Ulaya iliuacha uzi wa utumbo mwanzoni mwa karne hii kwa kuogopa ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Katika nchi nyingi za Afrika bado unatumika, hasa kwa akina mama wanaojifungua. Na wazo lenyewe limepanuka. Leo madaktari huweka juu ya majeraha na vidonda vigumu vitambaa na sifongo za kolajeni ya ng'ombe au ya nguruwe, ili kuzuia damu na kuzipa seli ngazi ya kupandia. Si kila jeraha linalohitaji hivyo, wala si kila kitu kinachouzwa kwa jina la kolajeni ni dawa.

Agnes alifariki mwaka wa 1893 walipokuwa mapumzikoni Italia, naye Lister akawa kama mtu aliyekatwa mkono. Alipewa heshima nyingi baadaye. Mwaka wa 1897 alifanywa kabaila, mpasuaji wa kwanza kupata daraja hilo, na mwaka wa 1902, Mfalme Edward wa Saba alipougua kidole tumbo, Lister alikuwa mmoja wa walioombwa ushauri. Alifariki tarehe 10 Februari 1912 huko Walmer, karibu na bahari. Serikali ilikuwa tayari kumzika Westminster Abbey pamoja na wafalme, lakini alikuwa ameacha wasia kwamba alazwe kando ya mke wake katika makaburi ya West Hampstead, na ndiko aliko. Daftari zao za majaribio zimehifadhiwa katika chuo cha wapasuaji huko London, na mwandiko ulio mwingi humo ni wa Agnes.